Sahani ya Mwalimu Faki

Kaloleni, Nairobi
18 Februari 1979

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Bi Kibibi binti Faki,

Shikamoo Shangazi. Natumai barua hii itakukuta wewe na nyumba nzima ya Voi mko katika afya njema. Sisi huku hatujambo, ila mafua ya vumbi, na mke wangu Muhiba analalamika mgongo tangu Maulidi, maana mwaka huu yeye ndiye aliyekabidhiwa sufuria kubwa la pilau. Maulidi yalifana. Watu wa Pumwani walikuja na matari yao, na kila mzee aliyepita mlangoni kwetu alisimama akasema, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa Mwalimu Faki, Mungu amrehemu." Muhiba alilia. Mimi nikajifanya naangalia viatu.

Shangazi, jambo lililonikalisha chini kuandika ni ile picha ya Babu niliyokuletea siku ya arobaini yake. Nakuomba usiizoee sana. Ile ni picha mbovu.

Najua utasema picha ni picha. Sivyo. Picha ikitoka kwenye dawa ya kukazia, lazima isuuzwe kwa maji yanayotiririka, tena kwa muda mrefu, mpaka ile dawa yote itoke ndani ya karatasi. Siku ile bomba la mtaa lilikauka katikati ya kazi, na gari moshi la Voi halikuwa la kunisubiri mimi. Nikaichovya tu kwenye ndoo, nikaikausha, nikaja nayo. Kwa hiyo dawa imebaki ndani. Itaanza kugeuka manjano pembeni, kisha uso utafifia, kisha tutabaki na karatasi. Na hiyo ndiyo picha pekee ya Babu duniani! Unajua mwenyewe alivyokuwa akiikimbia kamera. Siku ile alikuwa ameketi mlangoni akimwandikia mgonjwa aya za kombe, sahani nyeupe mapajani, kalamu ya mwanzi mkononi, kikombe cha zafarani ubavuni. Nikamwomba nimpige. Akasema bila kuinua kichwa, "Piga sahani, si mimi." Nikasubiri. Alipoinua macho kuona kama nimeondoka, nikapiga vyote viwili.

Basi mimi na mwenzangu Nzomo, yule Mkamba ninayeshirikiana naye studio, tumetoa nyingine ya kweli kweli. Tumetia shabu kidogo kwenye dawa ili ngozi ya picha iwe ngumu isichubuke, na tumeisuuza asubuhi nzima. Nzomo anasema hii itaonwa na wajukuu wa wajukuu. Herufi za kwenye sahani zinasomeka moja moja. Imo humu, kati ya kadibodi mbili. Tafadhali isiwekwe juani. Isiwekwe karibu na moshi wa jikoni. Isiguswe usoni kwa vidole. Na ile ya zamani unirudishie niichane, nisije nikaambiwa ni fundi wa kulipua kazi.

Mwezi wa tisa kutakuwa na maonyesho ya picha za sanaa hapa ukumbini Kaloleni. Nataka Babu awe ukutani peke yake, mkubwa, kila kunjo la kanzu lionekane. Nikifanikiwa hapo sitataka kitu kingine.

Nzomo anakusalimu. Alitaka nikuandikie "mambo", kwa lugha yao ya mtaani. Nimekataa.

Mwanao mtiifu,
Muhidin


Voi
9 Machi 1979

Mwanangu Muhidin,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea na za Muhiba nimezipokea, mwambie ajikande mgongo kwa mafuta ya nyonyo, na mwaka ujao sufuria wampe mtu mwingine. Na huyo Nzomo mwambie mambo ni yake, kwangu aseme shikamoo. Sisi hatujambo ila jua. Tembo wameshuka wakavunja tangi la jirani, wakanywa, wakaenda zao bila hata kwaheri. Shamsia, mtoto wangu wa mwisho, amerudi kwangu kupumzika kidogo. Hajisikii vizuri. Muombee.

Picha imefika. Haki ya Mungu Muhidin, hii ni picha au mke wa sultani? Haitaki jua, haitaki moshi, haitaki mkono. Sasa inataka nini? Baba yangu mwenyewe hakuwa na masharti hayo. Mara ile moja aliyokuja, alikaa jikoni kwangu akala mihogo, moshi ukamtoa machozi, na hakusema neno.

Nikwambie kweli, na usinune. Siipendi. Ni ngumu kama bati. Haitoi kitu. Ile ya kwanza ilikuwa laini, na hata ladha ilikuwa nayo, chumvichumvi. Nitolee nyingine kama ile ya kwanza. Usitie hiyo shabu yenu, shabu ni ya kutulizia maji ya tope. Na usiisuuze sana. Ukiweza nitumie mbili.

Hiyo ya kwanza unayoiulizia ipo ipo tu. Usinihimize.

Shangazi yako,
Kibibi


Kaloleni
25 Machi 1979

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo wa Muhiba umepona, mafuta ya nyonyo ni dawa. Pole kwa Shamsia, tunamuombea. Huku Kaloleni Baraza la Jiji limekuja kupaka rangi milango, wamepaka mmoja kijani, wa pili kijani, wa tatu buluu, kisha wakapotea. Mlango wa Babu ndio wa buluu.

Barua yako nimeisoma, nikampa Nzomo akaisoma, na sote tumeshindwa. Ladha? Picha ina ladha vipi Shangazi? Umeilamba? Nzomo anasema labda mliifanya mkeka wa kuwekea mboga. Mimi nimemwambia Shangazi yangu si mtu wa hivyo.

Watu huja studio kulalamika kila siku. Picha imewatoa weusi mno, imewatoa wazee, imewatoa wamefumba jicho moja. Tangu nianze kazi hii hajaja mtu kulalamika kwamba picha yake haiharibiki! Unaniomba nitoe picha ya Babu ambayo nitakuwa najua, huku naitoa, kwamba itakufa. Siwezi. Mkono wangu utakataa. Mtu aliyenilea na kunifundisha alifu mpaka nikahitimu, nimuweke kwenye karatasi ya kuoza?

Na hiyo "haitoi kitu" imenikosesha usingizi. Ulitaka itoe nini? Picha kazi yake ni kukaa.

Au nimekuudhi? Pengine hukupenda nilivyompiga picha akiwa hajakubali. Kama ni hivyo, nitukane tu, nitaelewa. Ila usiniache hivi. Na ile ya kwanza nirudishie, Shangazi. Mara ya pili naomba.

Negativu yenyewe, ile filamu tunayotolea picha, iko salama kwenye kibati kabatini, kwa hiyo hofu sina. Nataka tu kuelewa.

Wako,
Muhidin


Voi
29 Aprili 1979

Muhidin,

Salamu. Kimya changu usikipe jina. Hujaniudhi. Ungeniudhi ningekwambia, unanijua.

Shamsia ana mimba. Ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Unajua yaliyompata huko nyuma, wale wa kwanza hawakukaa, wote walitoka mwezi ule ule. Mambo ya tumboni hayasemwi ovyo, nami nimekwambia wewe kwa sababu ni damu. Mumewe kaniachia mimi nimtunze, na sasa kila akikohoa mimi nasimama.

Nataka picha laini kabla haujafika ule mwezi. Usiniulize ya nini. Mtu mzima akikuomba kitu mara mbili, ujue ana haja nacho.

Kama hutaki kuitoa, basi niambie shabu inaondolewaje kwenye picha. Kwa maji moto? Kwa ndimu?

Kibibi


Kaloleni
20 Mei 1979

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa habari ya Shamsia, Mungu amkuze huyo aliye tumboni na amlinde mama yake. Huku mvua imetukomesha. Bati linavuja, tumetega kila chombo chenye kina, hata sinia za dawa za picha.

Ndimu usijaribu. Maji moto usijaribu. Nakuomba kwa jina la Mungu, picha hiyo usiiguse.

Nyingine siwezi kutoa kwa sasa. Usiniulize kwa nini. Nirudishie zote mbili, ya kwanza na ya pili, kwa rejista, upesi. Hasa ile ya kwanza. Haidhuru ikiwa imegeuka manjano. Haidhuru hata kidogo.

Muhidin


Voi
3 Juni 1979

Mwanangu,

Nakusalimu. Sisi wazima. Shamsia anakula vizuri, miguu imevimba kidogo, ule mwezi umekaribia na roho yangu iko juu juu.

Barua yako hii ni ya mtu aliyevunja chungu cha mwenyewe. Uliishi kwangu ule mwaka mmoja ukisoma shule ya hapa, nakujua. Ukiwa na la kuficha unasema maneno mafupi. Mwezi wa pili ile picha ilikuwa mbovu, ichanwe. Leo ndiyo unaitaka hata ikiwa manjano! Haya, mmoja wetu lazima aanze, na mkubwa ni mimi.

Ile ya kwanza imekwisha. Tumeinywa.

Tulia nikweleze. Niliilaza ndani ya sahani, nikaimiminia marashi, nikasugua kwa kidole pale pale kwenye maandishi, kama Baba mwenyewe alivyokuwa akiosha kombe apate kumnywesha mgonjwa. Uso sikuugusa. Wallahi, Muhidin, maandishi yalitoka! Yalitoka kwenye karatasi kama zafarani inavyotoka kwenye sahani, na maji yakashika rangi. Shamsia akanywa. Alitapika, tukasema ni uchafu wa tumbo unatoka. Akarudi kwa mumewe, mimba ikashika. Wewe ungefikiri nini?

Akaja mama mmoja wa shamba la mkonge na mtoto wake mwenye homa, nikampa kidogo. Homa ikashuka. Akaja mwingine. Maandishi yalipokwisha nikasugua kalamu, na kalamu ilipokwisha nikasugua vidole. Siku hiyo nikaiinua ile karatasi nikaona uso wa Baba umekwenda na maji bila mimi kuugusa, maana karatasi nzima ilikuwa imelainika. Nililia kama siku tuliyomzika. Nikayanywa yale maji mwenyewe, nisiyamwage.

Hii ya pili nimeiloweka, nimeisugua, nimeitia maji moto kabla hujanikataza. Haitoki hata nukta. Shabu yenu imemfunga.

Utauliza kwa nini nisiende kwa mwalimu mwingine. Imamu wetu wa sasa ni kijana, kila Ijumaa anatupigia kelele kuwa kombe ni ushirikina. Akisikia binti wa Mwalimu Faki anaosha picha, uso wangu nitauweka wapi? Ndiyo maana nilinyamaza. Na mkono ninaouamini mimi ni mmoja tu, nao uko kaburini Nairobi.

Mimi siabudu picha, usije ukanifikiria hivyo. Aya ni za Mungu na mwandiko ni wa Baba. Kama herufi zimo, zimo. Au hazimo? Hapo ndipo akili inaponiruka. Wewe ni fundi, nijibu. Zile herufi za kwenye karatasi ni maandishi, au ni kivuli cha maandishi?

Haya, zamu yako. Umevunja nini?

Shangazi yako,
Kibibi


TELEGRAMU
NAIROBI, 11 JUNI 1979
KWA BI KIBIBI FAKI, VOI
SHAMSIA ASINYWE TENA MAJI YA PICHA. NI DAWA KALI. APELEKWE HOSPITALI. BARUA INAKUJA. MUHIDIN


Kaloleni
11 Juni 1979

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo salamu utanisamehe zikiwa fupi, sote wazima. Telegramu imetangulia na mimi nafuata nyuma yake mbio.

Nilipofika pale "tumeinywa" nilicheka, Shangazi, nisikudanganye, nilicheka mpaka Nzomo akaja kuniangalia. Kisha nikafika kwa Shamsia, nikakimbilia posta.

Ile rangi iliyotoka kwenye karatasi si zafarani. Ni madini ya fedha. Picha yote ni chembe za fedha zilizoshikwa na ngozi nyembamba ya ute wa mifupa ya ng'ombe, basi, ndivyo inavyotengenezwa. Na ile chumvichumvi ndiyo dawa ya kukazia niliyoshindwa kuisuuza bomba lilipokauka. Nilichokuwa nakiita kasoro, nyinyi mmekinywa! Nimemuuliza Nzomo, Nzomo akamuuliza mwuza dawa za picha mjini, na hakuna anayejua kwa hakika inamfanya nini mwenye mimba, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Mwuza dawa alidhani Nzomo amelewa. Mpeleke Shamsia akaangaliwe, tafadhali. Waambie ukweli. Wakikucheka, wacha wacheke.

Zamu yangu. Mende wamekula negativu.

Ni mvua. Kabati lililowa, kibati kikashika kutu mfuniko ukalegea, na nilipokifungua mwezi wa tano wakatoka mbio wa kila ukubwa. Wanaipenda ile ngozi ya picha, kwao ni chakula. Walianzia usoni. Kilichobaki ni kona ya mlango na kipande cha kanzu. Nilikaa sakafuni pale nikashindwa hata kuwaua. Muhiba ndiye aliyewaua.

Sikukwambia kwa sababu nilijituliza. Nikasema, Shangazi anayo ile ya kwanza, hata ikiwa mbovu nitaipiga picha upya nitengeneze negativu nyingine. Kumbe wakati huo huo na wewe unajituliza, unasema Muhidin anayo negativu, atatoa nyingine. Kila mmoja wetu alimweka Babu kwa mwenzake, akalala.

Sasa dunia nzima amebaki mahali pamoja tu, kwenye hiyo picha ngumu usiyoipenda. Nakusihi unitumie. Nitaipiga upya kwa kamera kubwa ya kuazima, nitatoa negativu mbili, moja nitaiweka kwa Nzomo, kisha nitakurudishia yako. Nakuapia nitaishika kama yai. Maonyesho sahau, sijali tena maonyesho. Nataka tu niwe na hakika kwamba ule uso upo.

Swali lako nimelala nalo, nimeamka nalo. Nilitaka kukuandikia kwamba ni kivuli tu, kamera haijui kuandika. Kisha nikakumbuka kwamba mwanga uliogonga zile herufi zake, mwanga huo huo, ndio ulioingia ndani ya kamera ukaacha alama. Hakuna aliyenakili. Zilijiweka zenyewe. Kwa hiyo sijui, Shangazi. Nimefanya kazi hii miaka yote na sikuwahi kulifikiria hilo.

Nijibu upesi.

Muhidin


Kaloleni
8 Julai 1979

Shangazi,

Shikamoo. Kila nikimwona mwenye baiskeli ya posta natoka mlangoni, naye anapita. Shamsia yukoje? Umekasirika? Picha imepata nini? Nitumie hata neno moja.

Muhidin


Voi
5 Agosti 1979

Mwanangu Muhidin,

Ramadhani njema kwako na kwa Muhiba. Nakuandikia nimefunga, kwa hiyo ukiona mwandiko unalegea ujue ni njaa. Kiu ya Voi mwezi huu haina mfano.

Nitaanza na unalolitaka kwanza. Shamsia mzima. Nilimpeleka hospitali siku ile ile ya telegramu yako, nikasema ukweli mbele ya daktari na wauguzi wake wote. Walicheka, tena sana. Wakampima damu, wakampima mkojo, wakamwekea ile paipu tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika. Ule mwezi umepita, Muhidin. Umepita na mimba ipo! Nilisujudu pale pale kwenye saruji ya hospitali. Amebakisha kidogo, na daktari ameniambia nimrudishe kila baada ya muda.

Sikukujibu kwa sababu ya picha. Nisingeweza kukwambia sitaki kuituma, na nisingeweza kuituma.

Tangu telegramu ije sijamnywesha kitu. Lakini Shamsia mwenyewe aliichukua ile picha ngumu akaiweka chini ya mto, na tangu hapo ndipo alipoanza kulala usiku. Nilijaribu kuitoa nikutumie. Nikaifunga kabisa, nikaandika anwani yako. Mtoto wa watu, alinitazama tu, akajishika tumbo, akageukia ukutani. Nikaifungua. Juma lililofuata nikaifunga tena. Nikaifungua tena. Nyumba yangu imekuwa kama posta ya wazimu. Nikisoma barua yako naona una haki. Nikimwangalia Shamsia naona ana haki. Na mimi ninayetakiwa kuamua ni yule yule aliyemnywa baba yake mpaka akaisha.

Sasa sikiliza, na kaa kitako kwanza.

Jana baada ya adhuhuri nilitoa mkasi wangu wa cherehani. Shamsia aliishika picha kwa ncha mbili, nami nikakata. Nimekata chini ya ndevu, juu ya mkono. Karatasi ilikuwa ngumu kweli. Uso ni huu, umo humu kati ya zile kadibodi zako. Mkono, kalamu na sahani vimebaki chini ya mto wa Shamsia. Hatutaviosha, nimekusikia, huna haja ya kuniandikia telegramu nyingine.

Najua umeshaanza kulia. Wewe ulitaka kazi nzima, kila kunjo la kanzu, nami nimekukatia kama kitambaa cha dukani. Nililia kabla yako. Mkasi ulipofika katikati Shamsia aliniuliza, "Mama, tunamfanya nini Babu?" Nikamwambia sijui, shika vizuri.

Lakini nataka ujue kitu, maana wewe ulizaliwa ukamkuta pale mlangoni kila siku, ukitoka yupo, ukirudi yupo. Mimi niliozeshwa Voi nikiwa sijafika hata miaka ishirini. Nauli haikuwepo na ruhusa haikuwepo. Kila nilipobeba mimba, Baba aliandika sahani huko Nairobi, akaiacha ikauke, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akampa mtu wa gari moshi aniletee. Nikiifungua naona mwandiko wake, naujua vile unavyoinama kushoto, naona mahali alipochovya tena zafarani, na mahali mkono ulipochoka. Kisha naiosha, nanywa, sahani naibakisha. Sahani zake zimejaa kabatini kwangu. Watoto wangu wote ni wa sahani hizo.

Uso wake nilianza kuusahau hata yeye yu hai. Nikifumba macho kumtafuta, nilikuwa napata mkono tu. Ndiyo maana niliposhika mkasi, sikuhangaika kuchagua upande wa kubaki nao.

Ni mimi,
Kibibi binti Faki